Jinsi ya Kumhoji Mgeni Saa Nzima Bila Kumsikia

Hongera kwa kupewa kipindi. Meneja ameshasaini, mdhamini anayeuza mabati ameshalipa, na kuanzia Jumamosi saa nne asubuhi utakuwa unakaa na msanii, mwandishi au kiongozi kwa muda wa saa nzima. Kibwagizo cha kituo kinasema ni mahojiano ya kina. Usiogope. Kiti hicho kimekaliwa na watangazaji waliostaafu kwa heshima, keki ikakatwa, bila kujua lolote kuhusu mtu yeyote waliyemhoji, na mwongozo huu umekusanya mbinu zao. Ukiufuata, mtunzi wa riwaya saba ataingia studioni kwako, atazungumza dakika 60 kasoro matangazo, atatoka, na hakuna msikilizaji kuanzia Kimara mpaka Kigamboni atakayeweza kutaja jina la kitabu chake hata kimoja.

Kazi inaanzia nyumbani, na kazi yenyewe ni kutosoma. Kitabu cha mgeni usikifungue, albamu yake usiisikilize mpaka mwisho, hotuba zake usizitafute. Kusoma kuna madhara yanayojulikana: mtu akisoma anapata maswali, na akishayapata atataka kuyauliza. Mtazame Studs Terkel wa Chicago. Kuanzia 1952 hadi 1997 alikuwa na kipindi katika redio ya WFMT, akihoji wanamuziki, waandishi, waigizaji na wanaharakati, na kabla mgeni hajafika yeye ameshakimaliza kitabu na kukipigia mistari kila mahali. Waandishi walikwenda pale kutangaza kitabu kipya, wakajikuta wanaulizwa habari za ukurasa ambao wao wenyewe wameshausahau. Mtu ametoka kwake kajipulizia manukato, wewe unamfikirisha!

Utaratibu wetu ni mwepesi zaidi. Mwambie mgeni aje na nakala moja, umpokee mlangoni, na wakati wimbo wa kufungulia kipindi unapigwa, soma jalada la nyuma. Hapo utapata mahali alipozaliwa, shule alizosoma, na sentensi ya mchapishaji kwamba kitabu hiki ni hazina kwa rika zote. Jalada likiwa halina maneno, usitaharuki. Fungua ukurasa wa kutabaruku. "Naona hapa kitabu umemtabarukia mama yako mzazi. Hebu waeleze wasikilizaji, mama ni nani kwako?" Swali hilo peke yake linakula dakika tisa. Mama akiwa ametangulia mbele za haki, kumi na tano.

Siku ambayo mbinu hii iling'ara kuliko zote ni tarehe 7 Oktoba 2021. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alikuwa jikoni kwake Uingereza akijitengenezea chai simu ilipolia kumwambia ameshinda Nobel ya fasihi, na mwenyewe akadhani anafanyiwa mzaha. Wakati huo alikuwa na riwaya 10, ya kwanza ya mwaka 1987. Mtangazaji mwoga angetetemeka. Huku kwetu mjadala mkubwa uliruka juu ya riwaya zote 10 na kutua kwenye swali la kama mshindi ni Mtanzania, Mzanzibari au Mwingereza. Swali la uraia linafaa mno kwa redio: kila mtu ana jibu, na hakuna anayelazimika kufungua ukurasa. Mwaka uliofuata Ida Hadjivayanis akatuharibia kidogo, akaitafsiri Paradise ya Gurnah ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa hiyo kisingizio cha lugha hatunacho tena. Kisingizio cha foleni bado kipo.

Faida nyingine ya kutosoma ni kwamba hata mgeni mwenyewe anakuwa si wa lazima. Roy Plomley wa BBC alianzisha mwaka 1942 kipindi cha Desert Island Discs, ambamo mgeni anachagua nyimbo nane za kwenda nazo kisiwani peke yake. Siku moja alimwalika Alistair MacLean, mtunzi wa riwaya za vita. Akafika Alistair MacLean mwingine kabisa, mtu wa ofisi ya utalii ya jimbo la Ontario, Kanada, ambaye hakuwa mtunzi wa chochote. Wakarekodi kwa adabu zao za Kiingereza, lakini kipindi hakikurushwa. Hasara yote ile kwa sababu Plomley alikuwa na maswali ya MacLean! Angekuwa na maswali yetu, kipindi kingekwenda hewani kama kilivyopangwa, na yule bwana wa utalii angemaliza kwa kuwaasa vijana wapende kazi. Watu wa runinga walilielewa hili mapema kuliko sisi: mwaka 2006 BBC ilimkalisha mbele ya kamera, mubashara, Guy Goma wa Kongo-Brazzaville, aliyekuwa amekuja kuomba kazi, ikidhani ni mwandishi wa teknolojia Guy Kewney. Goma alishtuka usoni, kisha akajibu maswali yote.

Maswali yetu ni sita na yanatosha maisha. Kwa wale wasiokufahamu, wewe ni nani? Ulianzaje? Changamoto gani unakutana nazo? Nini siri ya mafanikio yako? Wategemee nini kutoka kwako? Una ujumbe gani kwa vijana? La kwanza liulizwe hata kama mgeni ni rais mstaafu. La pili jibu lake linafahamika: alianza na kwaya ya kanisa, au na kaswida madrasa, au kwa kugonga madebe uani, na mwalimu mmoja akamwona. Mwache afike kwa mwalimu, kisha mkate, maana baada ya mwalimu ndipo mambo huanza kuwa yake peke yake.

La changamoto ndilo mfalme. Muulize dereva wa bodaboda, mchoraji wa Tingatinga na jaji wa Mahakama ya Rufani, wote watakujibu kwamba changamoto ni nyingi ila tunamshukuru Mungu. Hapo umeshajibiwa, songa mbele. Kosa kubwa analoweza kufanya mtangazaji mchanga ni kuuliza "ipi?" Neno hilo fupi limeshawaponza wengi. Mwimbaji wa taarabu ukimuuliza "ipi?" anaweza kuinamia maiki na kusema kulikuwa na mwenye kikundi mmoja, alikuwa anatupa nauli ya kwenda bila ya kurudi, na mimi nilikuwa na mtoto mchanga, basi usiku ule tulipomaliza kuimba... Ukifika hapo umeshachelewa. Watu wameegesha magari pembeni wasikilize, mama lishe ameacha sufuria inaungua, na tangazo la mabati limepitwa na wakati wake. Kwa dharura ya namna hiyo kuna maneno ya kuokoa: "Kabla hujaendelea, tupate kionjo cha wimbo wako." Mkirudi, muulize anapenda chakula gani.

Kuna mtu hakuyajua haya, na tunaona alivyoishia. Mwaka 1950, miezi michache kabla mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad hajafariki, mwandishi Shaaban Robert alikutana naye Unguja na kumsikiliza. Hakuwa na kipaza sauti wala kibwagizo. Alikuwa mbele ya mwanamke aliyeuza vyungu utotoni, ambaye mwaka 1928 alivuka bahari kwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, na badala ya kumuuliza siri ya mafanikio akamwacha aeleze. Matokeo yake tumebebeshwa Wasifu wa Siti binti Saad, kitabu ambacho wanafunzi wanakisoma mpaka leo. Angemuuliza changamoto na ujumbe kwa vijana, yangetosha kurasa mbili na sote tungepumzika.

Sasa tuje kwenye silaha ambayo wenzetu wa Ulaya hawana. Mgeni akiwa amekuzidi umri, mwamkie hewani, hata kama mlishaamkiana getini na kunywa chai pamoja. "Shikamoo mzee wetu." Akishaitikia marahaba, kesi imekwisha. Wewe ni mtoto, yeye ni mzee, na mtoto hamuulizi mzee kwa nini sura ya tisa inaipinga ya pili, wala kwa nini alichokisifu akiwa ofisini anakilaani akiwa mstaafu. Wapo wanaodai kuwa heshima haijawahi kuzuia swali. Kwamba wajukuu walikuwa wanawauliza bibi zao mambo mazito usiku kucha, tena wakianza na shikamoo hiyo hiyo, na kwamba mzee husema zaidi anapoona aliye mbele yake amejiandaa kumsikiliza. Inawezekana. Bibi zao hawakuwa na mdhamini.

Mgeni akiwa kijana wa Bongo Fleva, geuza mkondo. Mwite mwanangu, gonganeni mikono karibu na maiki ili isikike, na uzungumze kwa lafudhi ya Marekani ya mtu ambaye hajawahi kuvuka Chalinze.

Kuhusu maiki, kanuni ya mafundi ni kwamba ikae kama shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili herufi p na b zisipasuke. Hiyo ni ya kwako. Ya mgeni utaikuta ilipoachwa na watu wa kipindi cha michezo, na hapo hapo ibaki. Hedifoni usimpe. Akijisikia anaweza kusogea.

Wageni maarufu sana wana swali lao maalumu, na kazi yako ni kulifikia haraka ili yasije yakajitokeza mengine. Wakati wa uhai wa Bi Kidude, swali lilikuwa umri. Mwanamke yule alipokea tuzo ya WOMEX mwaka 2005, alikuwa amebeba kichwani nyimbo za Siti, alijua unyago na msondo kuliko maktaba yoyote, alizunguka na taarabu bara na pwani, alivuta sigara yake bila kuomba ruhusa ya mtu. Mwandishi anakuja kutoka mbali, amelipa tiketi ya ndege, anakaa mbele yake na kumuuliza: una miaka mingapi? Naye hakuwa na tarehe ya kumpa. Alikuwa amezaliwa enzi za rupia, basi. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013 na magazeti yakaendelea kubishana kama alikuwa amefika mia. Ngoma alizozijua hazikubishaniwa, kwa sababu hatukuziuliza.

Leonard Mambo Mbotela naye alikuwa na lake. Tangu 1966 alikuwa akiwauliza Wakenya redioni kama mambo wanayofanya ni uungwana: kupiga honi usiku wa manane, kukopa bila kulipa, kwenda kumtembelea mtu saa ya chakula. Kipindi kilidumu zaidi ya nusu karne, na ndani yake kuna historia ya tabia za taifa zima, tangu enzi za simu ya kukoroga mpaka enzi za mtu kusoma meseji ya jirani kwenye matatu. Wewe usihangaike nacho. Nenda moja kwa moja asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi waasi walipomchukua kwake na kumpeleka Sauti ya Kenya atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Ulikuwa na hofu? Alikuwa na hofu. Ahsante sana, na huo ndio mwisho wa mahojiano yetu. Mbotela alitutoka Februari 2025. Kwa bahati nzuri bado wako wazee wengine wenye siku moja tunayoijua na miaka hamsini tusiyoijua.

Nidhamu ya swali. Wapo watu wanaoamini kwamba swali zuri ni fupi. Hao hawajui kuwa msikilizaji amefungulia redio kwa ajili yako. Swali lako liwe na utangulizi, kisa, methali, wasifu wako mwenyewe, kisha lifungwe kwa maneno mawili yaliyothibitishwa na uzoefu. Kwa mfano: "Profesa, unajua sisi wengine tumekulia Magomeni, na enzi zile baba akiwasha redio taarifa ya habari hakuna wa kukohoa, sasa wahenga walisema vyaelea vimeundwa, lakini ukiangalia vijana wa leo, simu, mitandao, mtu hasomi hata tangazo la msiba, na mimi binafsi niliwahi kuandika mashairi nikiwa kidato cha pili mpaka mwalimu akasema nina kipaji, ila ndiyo hivyo maisha, kwa hiyo fasihi, maadili, utandawazi, unalizungumziaje hilo?" Profesa atafikiri kidogo, atatafuta lilipo swali, kisha atasema: "Ni kweli." Mshukuru kwa uchambuzi wake.

Na wakati anazungumza, mwitikie. Ndiyo. Kabisa. Safi sana. Duh. Mmh. Mtambaji wa hadithi aliitikiwa pale alipoomba kuitikiwa. Mgeni wako aitikiwe kila baada ya neno la tatu, ili msikilizaji asije akadhani umetoka kwenda kununua vocha.

Hii inatuleta kwenye hatari kuu ya taaluma, nayo ni ukimya. Vituo vingi vina kifaa kinachoisikiliza hewa ya kituo chenyewe. Sauti ikikatika kwa sekunde zilizopangwa, kinapiga kengele au kinaanzisha muziki wa akiba, maana mashine haijui tofauti kati ya mtambo uliozima na mtu anayefikiri. Wewe pia usiijue.

Terry Gross wa Philadelphia anaijua, na imemgharimu. Huyu mama alikabidhiwa kipindi cha Fresh Air mwaka 1975, na tangu 1987 kinasikika Marekani nzima kila siku ya kazi. Mara nyingi mgeni hayumo hata studioni mwake. Yuko mji mwingine, wanasikiana tu, hawaonani. Kabla ya kuanza humwambia mgeni kwamba swali likiingia mno ndani ya mambo yake, aseme, watahamia lingine. Fikiria: anampa mgeni ufunguo! Septemba 2011 alizungumza kwa simu na Maurice Sendak, mtunzi na mchoraji wa vitabu vya watoto, mzee wa miaka 83. Mzee akaanza kuwataja watu wake waliokufa, sauti ikamkatika, akalia, akaendelea, na Gross akawa hana la kufanya isipokuwa kumwachia nafasi. Sendak alifariki Mei iliyofuata. Watu bado wanayasikiliza mazungumzo yale, mengine yakiwa ni pumzi tupu, na hakuna bati hata moja lililouzwa katikati yake.

Kwako lisingetokea. Mzee akivuta pumzi tu, ingia: "Pole sana mzee wangu, ndiyo dunia, wote tuko njia moja. Wasikilizaji, laini zetu ziko wazi."

Kabla ya laini, neno kuhusu kiki. Msanii akija kutambulisha ngoma mpya, ngoma ipewe dakika mbili na zilizobaki apewe mpenzi wake wa zamani. Usiulize gitaa lile limepigwa na nani, wala kwa nini kiitikio kimeshuka badala ya kupanda, wala prodyuza amekaa nayo studio siku ngapi. Kuna wasikilizaji wenye vipaji vya muziki huko nje na ukiwaeleza hayo wataanza kujifunza. Uliza nani alimwacha mwenzake. Mgeni akikasirika, akavua hedifoni (kama ulikosea ukampa) na kuondoka, hiyo ni neema. Bill O'Reilly alimwondokea Terry Gross katikati ya mahojiano mwaka 2003, lakini lile lilitokea tu, halikuwa na maandalizi. La kwako lipangwe tangu jana yake na meneja wa msanii, mkubaliane dakika ya kuondoka, mlango upi atumie na nani awe nje na simu anarekodi. Niseme tu kwamba msanii mwenyewe mara nyingi ndiye mwathirika wa mwisho kugundua: miaka kumi baadaye anakuja mtu kuandika historia ya muziki wake, anatafuta mahojiano yake yote, anakuta ameulizwa habari za mapenzi mara arobaini na habari za muziki hajaulizwa.

Wanasiasa ni rahisi, hatutakaa. Neno Mheshimiwa litangulie sentensi, liikatize na liifunge. Mwache aje na watu wake, na mmoja wao asimame nyuma ya kioo akitikisa kichwa. Usiulize kuhusu maji ya jimboni kwake. Uliza utoto wake ulikuwaje. Atakueleza alivyokuwa akitembea kilomita nyingi kuchota maji na ndoo kichwani, na hapo suala la maji litakuwa limezungumziwa kwa kina.

Sasa fungua laini. Msikilizaji wa kwanza atakuwa ameacha redio yake inanguruma. "Zima redio yako! Punguza sauti ya redio!" Dakika moja na nusu imekwenda. Atajitambulisha kwa jina, ukoo na mtaa, atauliza kama anasikika, ataambiwa anasikika, atauliza tena. Atampongeza mtangazaji, fundi mitambo na mgeni, kwa mpangilio huo. Kisha atasema swali lake limeshaulizwa, ila angependa kutuma salamu Mbagala, Tandahimba na Sengerema. Wa pili laini yake itakatika. Wa tatu, na hapa uwe macho, anaweza kuwa mwalimu mstaafu wa Korogwe ambaye amevisoma vitabu vyote vya mgeni. Utamtambua kwa sauti ya chini na kwa kutaja jina la mhusika. Mgeni naye utamwona ameinuka kitini, macho yamewaka, amesahau hata kwamba yuko redioni, anasema "umeona hilo?" na yule mwalimu anasema "nililiona, na nikajiuliza kwa nini yule binti hakurudi," na mgeni anaanza, kwa mara ya kwanza asubuhi nzima, kujibu. Mtandao uwe mbovu mara moja. "Naona tumempoteza mwalimu wetu." Neno la mwisho, mgeni wetu? Kwa ufupi, sekunde thelathini.

Kilichobaki ni kufuta ushahidi. Terkel aliwaachia watu wa Chicago vipindi zaidi ya 5,000, na WFMT na jumba la makumbusho ya historia la mji huo wamelazimika kuvihamisha kutoka kwenye kanda kuviweka katika mfumo wa kidijitali ili kila mtu asikilize. Mzigo mkubwa kweli. Redio Tanzania Dar es Salaam nayo iliwahi kulifanya kosa hilo pale Barabara ya Pugu: ilirekodi bendi zetu miaka ambayo studio nyingine za kurekodia zilikuwa adimu, ikatunza kanda, na ndiyo maana Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, bado anatuimbia jioni. Wewe chukua mahojiano yako, kata sekunde 40 ambazo mgeni alikuwa anakohoa, uzipandishe YouTube kwa herufi kubwa: MTUNZI AFUNGUKA MAZITO, ASHINDWA KUJIZUIA STUDIO. Faili lenyewe lifute, kompyuta ya studio imejaa mechi.

Wiki mbili baadaye mgeni atapiga simu, kwa upole, kuomba nakala ya mazungumzo kwa ajili ya wajukuu. Mwambie aje na flashi. Akija na flashi, mwambie fundi mitambo yuko likizo. Fundi akirudi, flashi itakuwa na virusi. Akiwa bado amesimama hapo mapokezi, mshike mkono kwa mikono miwili, mwambie kipindi chake kilipendwa sana, na umuulize kama ana nafasi Jumamosi ijayo.